Chujio lipi ununue kwa tangi la samaki wadogo wa kienyeji

Nunua chujio kwanza, samaki baadaye. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu usiyoiona kwa macho. Bakteria wanaojenga makazi ndani ya chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kuwapata bakteria wa kutosha huchukua kama wiki 4 hadi 6, na samaki aliyetolewa kijitoni hana subira hiyo.

Namba moja kwangu ni chujio la sponji la pampu ya hewa. Kwa tangi la lita 40 hadi 100 sijaona la kulishinda. Mapovu yanapopanda kwenye bomba huvuta maji yapite taratibu katika sponji, na yakifika juu huutikisa uso wa maji hewa ikaingia. Vifaranga hawavutwi. Kaa utazame: wanakuja kudonoa vijidudu vilivyoota juu ya sponji, mmoja mmoja, siku nzima. Chukua sponji kubwa kuliko unayodhani inatosha. Nunua pia vali ya kuzuia maji kurudi, kwa sababu umeme ukikatika na pampu iko chini ya tangi, maji hushuka kwenye mpira hadi ndani ya pampu.

Namba mbili, chujio la kuning'inia ukingoni. Maji yanang'aa zaidi, na mkondo wake unawafaa samaki waliozoea maji yanayokwenda. Lakini mdomo wake hunyonya vifaranga; uvalishe kipande cha sponji tangu siku ya kwanza.

Chujio la mtungi, lile linalokaa nje ya tangi, naliweka la tatu. Ni zuri sana kwa lita 200 na kuendelea. Kwenye tangi dogo nguvu yake huwachosha samaki wa urefu wa kidole.

La chini ya changarawe liache. Uchafu hujikusanya usipofika mkono, na kulisafisha ni kung'oa tangi zima.

Lolote utakalochukua, usilioshe bombani: klorini inaua bakteria uliowasubiri wiki zote hizo. Chota maji ya tangi kwenye ndoo, kamua sponji humo mara mbili tatu, maji yakishageuka rangi ya chai irudishe. Ibaki na ukahawia wake.