Prosesa na madabodi: ulizia BIOS kabla ya kulipa

Msomaji wa Likoni ameniandikia kwa uchungu. Alinunua prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G, na madabodi ya B450 katika duka moja mjini, zote mpya, zote za soketi (kikalio cha prosesa) ya AM4. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Muuzaji akadai prosesa imeungua na waranti haihusiki. Nilimwambia ampate fundi mwenye Ryzen ya zamani aiazime, asasishe BIOS, yaani programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha kompyuta na kuitambua prosesa, kisha arudishe yake. Ikawaka. Madabodi za B450 zilitoka 2018, prosesa ile ikaingia madukani 2021, na BIOS iliyokuwemo haikuitambua.

Habari za kasi na idadi ya koa (viini vya prosesa) mtazipata kwa kila mtu. Mimi nang'ang'ania BIOS, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kuingia kwenye soketi si kukubaliwa. Hata Intel, prosesa ya i3-8100 inakaa vizuri kwenye soketi ya madabodi za H110, lakini Intel yenyewe haikuziruhusu zifanye kazi pamoja.

Kati ya jozi ninazopendekeza, namba moja kwangu ni Ryzen 5 5600G na madabodi ya Gigabyte B550M DS3H. AMD naipenda na sifichi: AM4 imebeba Ryzen kuanzia mfululizo wa 1000 hadi wa 5000. Na madabodi hii ina Q-Flash Plus, kitufe kinachosasisha BIOS bila prosesa wala RAM. Pakua faili kwenye tovuti ya Gigabyte, liite GIGABYTE.bin, litie kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, chomeka kwenye tundu lililowekewa alama, unganisha pawa, bonyeza. Fanya hivyo kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme), tafadhali. Umeme ukikatika katikati, waweza kupoteza madabodi nzima, na huku kwetu nani atakuhakikishia dakika kumi? Ukichukua 5600 isiyo na G, jua haina sehemu ya kutoa picha ndani. Lazima ununue kadi ya grafiki.

Namba mbili, Core i5-12400 ya Intel na madabodi ya B660 au B760. Hapa BIOS haikusumbui, kwa kuwa madabodi zote hizo zinaijua tangu kiwandani. Ni Core i5-14400 ya 2024 inayoweza kukwama kwenye B660 iliyolala stoo. Angalia pia kama madabodi ni ya RAM aina ya DDR4 au DDR5, maana RAM hizo haziingiliani. Herufi F mwishoni mwa jina maana yake haina picha.

Tatu ni Ryzen 5 7600 na madabodi ya B650. Ni DDR5 tu, lakini AMD imeahidi kuiendeleza soketi yake, AM5, hadi 2027 na zaidi.

OptiPlex za mitumba, zile kompyuta za ofisi za Dell, nunua nzima, usinunue ukitarajia kubadilisha madabodi.

Sasa wauzaji. Bei haiandikwi popote, inategemea umevaa nini na lafudhi yako. Ukiuliza BIOS toleo gani, unaambiwa, "Soketi ni moja dada, itaingia tu." Kisha wakutoze tena kuisasisha, kazi waliyopaswa kuimaliza kabla ya kukuuzia. Kwa madabodi za Intel za siku hizi, pini ziko kwenye soketi: fungua kifuniko papo hapo dukani, mulika kwa simu, kwani pini iliyopinda ukiigundua nyumbani utaambiwa umeipinda wewe. Na kwenye risiti waandike jina kamili la prosesa, la madabodi, na kwamba ziliwashwa pamoja mbele yako. Wakikataa kuandika, usilipe.