Seti ya kadi za picha za mawasiliano: faili zuri, maneno waliyoweka ndio shida

Hii ni kwa wazazi wa watoto wenye usonji ambao bado hawaongei, au wana vineno viwili vitatu tu, na mnafikiria kununua ile seti ya kadi za picha inayokuja na faili la velkro. Sisi tumeitumia hadi imechakaa. Mwanangu ni wale wa kukushika mkono akupeleke mpaka kabatini, halafu anaanza kulia kwa sababu umesimama tu hujui anataka nini, mnaoishi na haya mnanielewa.

Faili lenyewe liko poa, gumu, lina pete, kurasa zina mistari ya velkro na chini kuna kipande kirefu kinachobanduka cha kupangia sentensi. Ila velkro yao imekaza balaa, mtoto anavuta kadi ukurasa mzima unakuja, anakasirika anatupa faili lote huko. Nikaibandua nyuma ya kila kadi nikaacha kidude kidogo katikati, kelele zikaisha. Afu kona za kadi ni kali, na wangu anatafuna kila kitu, lamineshani ikaachia mate yakaingia picha zikafifia. Zungusheni kona kwa mkasi halafu mpige lamineshani upya mkiacha ukingo mpana kidogo, zitadumu.

Sasa maneno. Yaani ukurasa baada ya ukurasa ni wanyama, rangi, maumbo, magari. Twiga yupo, pembetatu ipo. "Sitaki" hakuna! "Basi" hakuna, "nisaidie" hakuna, "inauma" hakuna, "tena" hakuna, "kelele zimezidi" ndio usiseme. Mtoto ambaye tumbo linamsokota usiku na njia yake pekee ya kukwambia ni kujigonga kichwa, huyo twiga wa nini jamani? Inaonekana aliyepanga hizi kadi alikuwa anawaza mtihani wa darasani, hakuwaza mtu anayetaka kusema jambo lake.

Karatasi ya maelekezo nayo hivyo hivyo, inasema muonyeshe mtoto picha umuulize "hii ni nini?" Hapana. Njia ya kubadilishana picha inayojulikana zaidi ni PECS, ya Andy Bondy na Lori Frost, ilianza mwaka 1985 huko Delaware, Marekani, na ina hatua 6. Hatua ya kwanza humuulizi mtoto kitu chochote. Wanakuwepo watu wazima wawili: mmoja anakaa mbele yake ameshika kitu anachokipenda, mwingine yuko nyuma kimya kabisa. Mtoto akinyoosha mkono kufuata kile kitu, wa nyuma anamuongoza mkono achukue kadi aiweke kwenye kiganja cha wa mbele, na wa mbele anampa kitu chake hapo hapo huku anakitaja jina. Kila siku wa nyuma anapunguza msaada mpaka mtoto aanze mwenyewe. Mtoto anajifunza kwamba nikimfuata mtu na kumpa ujumbe, ananisikia. Kuchagua kati ya picha mbili kunakuja hatua ya 3, sentensi hatua ya 4. Hii seti inakurushia kadi zote siku ya kwanza, lazima mtoto achanganyikiwe.

Bibi zake walikuwa na wasiwasi kwamba akizoea picha hataongea tena. Mwaka 2006 Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti za watu wanaotumia njia kama hizi, na kwenye zile zenye ushahidi imara zaidi hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, wengi uliongezeka kidogo. Kidogo, sio muujiza, kwa hiyo muuzaji akikuahidi kwamba kadi zitamfanya mtoto aongee mpuuze.

Kwa yale maneno yaliyokosekana mimi niliingia ARASAAC, ni maktaba ya picha ya serikali ya Aragon, Hispania, maelfu ya picha na zote za bure alimradi usiuze, na unaweza kubadili rangi ya ngozi na nywele mtoto akaona mtu anayefanana naye. Nikaprinti "sitaki" ya kwanza kabisa. Alivyoijua tu akawa ananiletea kutwa nzima, kuoga sitaki, viatu sitaki, na inabidi uikubali pale inapowezekana, la sivyo unamfundisha kwamba kadi ni mapambo. Kwenye dawa siikubali, ila namwambia nimekusikia, nampa nafasi ya kuchagua anywe amekaa wapi.

Nyota 3 kwa 5, zote za faili. Mwenye printa asinunue seti nzima, muulizeni muuzaji kama anauza faili tupu na velkro, hizo kadi abaki nazo.