TAHADHARI: Muuzaji wa Sony A7 III za "shata elfu sita" hapa Dar

Wakuu wa picha na video, kuna jamaa anazunguka Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapiga picha akiuza kamera za Sony A7 III za mtumba na lenzi zake. Anajiita duka, lakini duka hana. Anakutana na wateja kwenye maegesho ya magari, giza likianza kuingia, na anadai kishika uchumba kabla hujaigusa kamera. Bei yake si ya kutupa. Iko chini ya soko kidogo tu, ndiyo maana watu hawashtuki.

Chambo chake ni hesabu ya shata, yaani mara ambazo pazia la ndani ya kamera limefunguka kupiga picha. Anakutumia picha ya skrini: shata elfu sita, "kama mpya, bosi". Na hesabu hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa! Shata ya A7 III imekadiriwa kufika mara 200,000, kwa hiyo 6,000 utaiona si kitu. Ila kamera ikirekodi video, shata hubaki wazi na hesabu haisogei. Bodi (kamera yenyewe bila lenzi) iliyoshuti harusi na sendofu kila wikendi kwa miaka inaweza kuwa na shata chache kuliko ya mpiga picha wa pasipoti. Zake nilizoletewa nizikague ni za namna hiyo: tundu la HDMI limelegea, ukigusa waya picha inakatika, kitufe cha kurekodi kimefutika, skrini inachezacheza. Moja ina mstari mwembamba kwenye sensa, yaani kile kioo cha ndani kinachonasa picha, wa aina inayoachwa na taa za leza za ma-DJ. Huo haufutiki kwa kitambaa wala dawa. Ni kubadilisha sensa, na kwa gharama hiyo bora utafute bodi nyingine.

Kwenye lenzi ana ujanja mwingine. Anafunga bodi na lenzi ya 16-50mm na kukwambia "inaingia, jaribu". Kuingia inaingia, maana mdomo wa kufungia lenzi ni uleule. Lakini ni lenzi ya kamera za sensa ndogo kama A6400. Juu ya A7 III kamera inakata picha, megapikseli 24 zinabaki kama 10. Umelipia sensa kubwa ili utumie kipande chake. Lenzi ya sensa kubwa ya Sony huandikwa FE, hiyo yake imeandikwa E tu. Soma pale kwenye ringi ya mbele.

Tena ukiona menyu ya Kijapani, usikubali "utabadilisha lugha ukifika nyumbani". Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, hakuna pa kubadilishia. Picha zake za matangazo huonyesha kamera imezimwa, sasa mjue kwa nini.

Kama bado unaitaka, mwambie mkutane mchana, na uende na memori kadi yako na laputopu. Weka f/16 (tundu la lenzi liwe dogo), piga ukuta mweupe. Kisha funika lenzi, pandisha ISO (usikivu wa mwanga), piga tena. Doa au mstari unaobaki mahali palepale kila picha ni wa sensa. Rekodi video ya 4K mfululizo huku waya wa HDMI umechomekwa, utikise kidogo. Lenzi imulike na tochi ya simu kutokea nyuma: nyuzinyuzi kama za buibui ndani ya kioo ni kuvu, na kwa unyevu wa Dar, Tanga na Zanzibar hilo ndilo la kwanza kutafuta, hata kwa muuzaji mwaminifu.

Ukimwambia hivyo ghafla kamera inakuwa "imeshachukuliwa", halafu kesho yake inatangazwa tena kwa jina jingine la akaunti. Waliokwisha kutuma hela msifute chati wala meseji za muamala. Nendeni nazo polisi, na namba ya kwenye bodi muiandike kabisa.