Kipozaji cha Noctua NH-U12S katika joto la Mombasa: uzoefu wangu

Mamangu ana tenzi nyingi kichwani, alizozipokea kwa nyanya yake, na tangu mwaka jana tumekuwa tukizirekodi nyumbani kwetu Kibokoni, usiku baada ya isha, pikipiki zinapopungua uchochoroni. Feni ya dari tunaizima. Dirisha tunalifunga. Hapo ndipo kompyuta inapoanza kuvuma. Mama anasoma beti tatu, nne, feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inapanda, inashuka, inapanda tena, na nikija kusikiliza nakuta uvumi umelala chini ya sauti yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Programu za kuondoa kelele nimezijaribu. Zinaondoa kelele kweli, lakini zinachukua pia pumzi na zile silabi za mwisho anazozishusha taratibu, na vina viko hapo hapo.

Prosesa yangu ni ya wati 65, inapachikwa kwenye soketi (tundu lake) ya aina ya AM4, na ilikuja na kipozaji kifupi cha aluminiamu chenye feni ndogo juu yake. Kwa aishiye kwenye baridi huenda kikamtosha. Lakini hakuna kipozaji cha hewa kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na kaskazi inapovuma, Januari mpaka Machi, chumba changu kiko nyuzi 31 hata saa nne za usiku. Kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka na kwenye prosesa. Nikisafisha sauti au kutengeneza video, prosesa ilifika nyuzi 88 na feni karibu mizunguko 2,500 kwa dakika. Fundi mmoja wa mjini alinishauri niitie mafuta feni. Niliitia, ikanyamaza siku mbili. Tatizo halikuwa feni kuchoka. Chuma cha kupokea joto kilikuwa kidogo, na feni ikilazimika kukimbia ili kufidia.

Ndiyo maana nikatafuta kipozaji kikubwa. Cha maji nilikiacha, kwa sababu pampu nayo ina mlio wake, na sikutaka maji karibu na kazi ya mama. Nikachagua NH-U12S ya Noctua, kampuni ya Austria: mnara wa mapezi, yaani vibamba vyembamba, ya aluminiamu, mirija mitano ya shaba, na feni moja ya milimita 120 ambayo mwisho wake ni mizunguko 1,500. Upana wa feni ndio siri yenyewe. Inasukuma hewa nyingi bila haraka. Kilinigharimu zaidi ya shilingi 10,000 pamoja na nauli ya mzigo kwa basi kutoka Nairobi, na sitaficha kwamba niliziwaza mara mbili.

Kabla hujatoa pesa, pima kasha la kompyuta yako. Mnara huu una kimo cha milimita 158 kutoka juu ya prosesa. Kasha langu linaruhusu 160. Nilifungua ubavu nikapima kwa rula, nikapima tena kesho yake.

Sasa kazi ya kufunga, na hapa ndipo nataka unisikilize. Niliikuta kompyuta imezimwa tangu asubuhi, imepoa kabisa. Nikalegeza skrubu nne za kipozaji cha zamani, nikavuta juu. Kikaja na prosesa yake! Pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama gundi, na kwenye soketi ya AM4 prosesa hutoka hata kama kile kikono cha kuifunga kimelala. Prosesa ya aina hii ina pini 1,331 upande wa chini, nyembamba kama unywele. Mbili zilipinda. Nilikaa dirishani chini ya taa karibu saa nzima, nikizinyoosha kwa ukingo wa kadi ya plastiki, kidogo kidogo, na mama pembeni akinisomea dua. Zilinyooka. Wewe usifike huko: washa kompyuta kwanza, ifanyishe kazi dakika kumi pesti ipate moto ilainike, zima, chomoa waya wa stima, kisha kizungushe kipozaji kushoto na kulia mpaka kiachie. Usivute moja kwa moja.

La pili ni bamba la chuma lililoko nyuma ya madabodi, ule ubao mkuu unaobeba prosesa. Skrubu zikitoka halina kinachoshika, linaanguka, na NH-U12S inalihitaji lile lile. Nilimwita mdogo wangu akalizuia kwa kidole.

Mengine ni mepesi. Nilifuta pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa laini, nikaweka mpya iliyokuja ndani ya boksi, tone la ukubwa wa punje ya mbaazi, nikafunga skrubu mbili kwa zamu, huku mizunguko kadhaa, kule mizunguko kadhaa.

Usiku huo huo nilifanya kazi ile ile, chumba kikiwa nyuzi 31. Prosesa ilisimama kwenye 71, feni ikizunguka kama mara 900. Nilisogeza sikio kuhakikisha inazunguka.

Lakini kelele ya kupanda na kushuka ilibaki kidogo, kwa sababu prosesa hizi hupata moto ghafla hata ukifungua faili tu. Niliingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaiamuru feni ibaki na mwendo mmoja mpaka nyuzi 65, na ikawie sekunde chache kabla ya kuongeza mwendo. Kwa anayerekodi sauti, hatua hii ina thamani sawa na kipozaji chenyewe, maana uvumi usiobadilika sikio huusahau, na hata programu huusafisha bila kuharibu sauti.

Rangi yake ya kahawia na maziwa wengine hawaipendi. Mimi kasha langu limefunikwa, sioni. Vumbi na chumvi ya bahari hazina huruma huku kwetu, kwa hiyo kila mwezi napitisha brashi ya rangi kwenye mapezi, nikiizuia feni kwa kidole isizunguke.

Kama kompyuta yako ina miaka haijafunguliwa, anza na brashi hiyo na pesti mpya. Huenda usihitaji kununua kitu.

Juzi tulirekodi beti arobaini bila kusimama. Nilipozisikiliza kwa vipokea sauti nilisikia mlio mwembamba, nikautafuta, nikaukuta: diski ya zamani ninayohifadhia nakala. Hiyo nayo nitaihamishia chumba cha pili.