Kago ya meli kutoka China mpaka Kigoma: hawa jamaa nawapa nyota tatu kati ya tano

Wengi mmeniuliza hawa jamaa walioniletea mzigo kutoka Guangzhou wakoje, jina siliandiki hapa nisije nikaanzisha kesi, ila wana ofisi Kariakoo na wana mtu wao huku Kigoma anayepokea. Kiukweli kwenye maji wako vizuri sana. Pesa yako inaliwa nchi kavu, huku na kule, kabla meli haijang'oa nanga na baada ya kushusha.

Mzigo wenyewe ulikuwa taa za kuvulia dagaa pamoja na betri zake, afu hotpoti na masufuria ya kujazia. Mnakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, sasa mfanyabiashara yeyote mwenye akili hapa mjini alijua siku ziwa likifunguliwa wavuvi wa Kibirizi mpaka Ujiji watataka taa, na wanataka kabla giza la mwezi halijaingia, yani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikishatoka hakuna wa kukununulia. Kwaiyo mi sikuwa natafuta bei rahisi tu, nilitaka tarehe.

Niwasifu kwanza kwenye betri. Betri za lithiamu kwenye meli zinahesabiwa mzigo hatari kwa sababu zinaweza kushika moto, na mawakala wengi nilioongea nao waliniambia tu andika "taa" basi, betri tuzifunike katikati. Hawa walikataa, wakataka kiwanda kitume karatasi ya usalama ya betri, wakazitenga na bei yake ikawa juu kuliko ya vyombo. Inauma mfukoni ndio, ila mzigo ukienda umeandikwa ulivyo unalala usingizi. Afu ujue kontena lenyewe mnachangia watu kibao, mmoja akidanganya kwenye makaratasi mzigo ukakamatwa bandarini Dar, mnasubiri wote.

Bei sasa. Namba siweki maana inabadilika kila mara, ya leo ukiisoma mwezi ujao utaniita muongo. Waliponipa bei ya kwanza kwa CBM (yani mita moja ya ujazo) nikakubali, baadae kidogo wakasema imepanda sababu ya Bahari ya Shamu, Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, wanashambulia meli. Nikawaambia acheni hizo, meli ya kutoka China kuja Dar inapita Bahari ya Hindi, haiingii Bahari ya Shamu wala Mfereji wa Suez, inaenda kufanya nini huko? Yule dada wa ofisini akanielewesha vizuri tu bila kunidharau: tangu mwishoni mwa 2023 meli za China kwenda Ulaya zilikuwa zinakwepa huko na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, safari inakuwa ndefu, kwaiyo meli na makontena yanakaa baharini muda mwingi na yanakuwa adimu kwa kila mtu, pia Singapore, ambako mizigo mingi hubadilishiwa meli, kulikuwa na foleni kubwa mwaka huo. Nilienda kuuliza kwa wengine wenye ofisi zao, jibu lile lile. Hapo siwalaumu. Na kwa wale mnaoagiza kontena zima kwa jina lenu, nauli ikipanda ushuru nao unapanda, maana kodi inapigwa kwa bei ya mzigo ukijumlisha na bima na nauli mpaka bandarini, halafu VAT asilimia 18 inakaa juu ya hiyo jumla pamoja na ushuru.

Nilipokasirika ni kwenye kupima. Kiwanda kiliniandikia katoni za hotpoti sentimita 60 kwa 50 kwa 40, ambayo ni CBM 0.12, katoni 20 zikawa 2.4. Ghala lao la Guangzhou likaja na 65 kwa 54 kwa 44. Nikaomba picha, wakatuma WhatsApp, na ukiikuza unaona kabisa tepu imepita kwenye tumbo la katoni, pale lilipofura kwa kupangwa chini ya mizigo mingine, kona zake zimenyooka vizuri lakini hakuna aliyepima kona! Kwa hesabu yao katoni 20 zikawa CBM 3.09 hivi, yani ninalipia karibu 0.7 ya hewa. Nilibishana wakanipunguzia nusu ya hiyo tofauti, si yote. Tangu hapo sapulaya wangu namwambia afunge mikanda na atume video akipima mwenyewe kabla katoni hazijatoka kiwandani.

Dar mpaka Kigoma ndo kichekesho. Walisema "tunakufikishia Kigoma", kumbe bei ya CBM inaishia ghalani kwao Dar, huku kwingine ni zaidi ya kilomita 1,200 na unalipa kwa kilo, kwaiyo vyombo vilivyonibana kwenye ukubwa baharini vikawa nafuu barabarani, betri kwa uzito wake zikanigeuka. Lori halitoki mpaka lijae. Hotpoti kadhaa zilifika mifuniko imebonyea, na fidia yao haizidi nauli uliyolipa, hiyo wanakwambia ukishalalamika. Bima kata mwenyewe, na wala sio kwa ajili ya mifuniko tu: meli ya Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021, mwenye meli alitangaza gharama za kuiokoa zigawanywe hata kwa wenye mizigo, wakiwemo ambao katoni zao hazikuguswa.

Mawasiliano mazuri, wanajibu hata usiku. Risiti wanatoa, ya kwao tu, karatasi za forodha kwa jina lako usahau. Taa zilifika ziwa limeshafunguliwa ila giza la mwezi uliofuata lilizikuta dukani, zikatoka.

Vyombo nitaendelea kupitisha kwao. Ila taa na betri za msimu ujao nataka tujaze kontena letu wenyewe, la futi 20 linabeba kama CBM 33 kwa hesabu, kwa kupanga kawaida weka 28, na mi peke yangu siwezi kufika huko. Kama upo Mwanga, Ujiji au Kasulu na una mzigo wa kueleweka wenye makaratasi yake safi, andika hapo chini ni bidhaa gani na CBM ngapi, tuone kama tunafikia.