Fundi wa mashine za boti Kunduchi: nampa nyota nne

Kwa wenye boti zilizolala: huyu fundi yupo Kunduchi, Dar es Salaam, karibu na soko la samaki, chini ya mti wa mkungu, kibanda cha mabati. Hana bango. Ulizia fundi wa mashine, wavuvi watakuelekeza.

Boti yetu ni ya faiba, mashine ni Yamaha Enduro ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli. Ilikuwa inabeba wageni wa kisiwa cha Mbudya. Korona ilipowakausha wageni mwaka 2020 tukaipandisha nchi kavu Mbezi Beach, tukaitupia turubai, kila mtu akashika njia yake. Mwaka huu kaka yangu akaanza kuitangaza iuzwe kama ilivyo. Mimi nikasema kwanza itazamwe.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, alifika akachomeka mpira wa mafuta akaanza kuvuta kamba. Alivuta mpaka shati likalowa, kisha akatangaza kwamba mashine imekufa. Na kwa bahati nzuri, eti, yeye anayo nyingine ya kuuza.

Huyu wa Kunduchi neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, hiyo kamba asiiguse mtu." Akafungua plagi zote mbili, akamimina oili kidogo kwenye kila silinda, akafunika, akaenda zake. Kaka akacheka kwamba tumepigwa hela ya nauli. Kesho yake fundi akarudi, akazungusha flaiwili, lile gurudumu la juu ya mashine, kwa mkono, polepole, upande wake wa kawaida tu. Mwanzoni ikagoma, baadaye ikaachia. Silinda iliyokauka ukiivuta kwa nguvu, alinieleza, ringi zinakwaruza kuta, na mashine iliyokuwa nzima unaiua mwenyewe.

Kwenye gia alilegeza skrubu ya chini, halafu ya juu. Oili ikashuka nyeupe kama chai ya maziwa, maana yake maji yalishaingia. Sili za shafti ya propela zilikuwa zimechoka, akabadilisha. Oili mpya aliisukuma kwa kuanzia tundu la chini hadi ikachungulia la juu, ili hewa isibaki ndani.

Lakini kilichonifanya nimwamini ni pampu ya maji. Alishusha mguu wa mashine, akatoa impela, kile kigurudumu kinachosukuma maji ya kupoza mashine, akaniwekea kiganjani. Mapezi yake ya raba yalikuwa yamejikunja upande mmoja na hayarudi tena, na pezi moja halikuwepo. Mwingine angefunga mpya akamaliza. Yeye akakaa kitako kulitafuta lile lililopotea, akipuliza na kuchokonoa, mpaka akalitoa kwenye bomba la kupandishia maji, kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kile kikibaki humo kinaweza kuziba njia, maji hayapandi ya kutosha, mashine inachemka ukiwa katikati ya bahari na abiria. Kwa saa ile peke yake ningemlipa mara mbili (sikumwambia).

Kabureta ilikuwa imeganda utomvu wa petroli ya zamani. Aliiloweka dawa na kuipuliza kwa kompresa. Waya wa chuma hataki uingie kwenye jeti, kile kitundu cha kupimia petroli, maana unakipanua. Mipira ya mafuta ilikuwa imepasuka, tukaweka mipya. Petroli iliyokuwemo tangini hakutaka hata kuijadili, imwagwe kwenye dumu iende zake. Zinki, vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine, zilikuwa zimelika, zikabadilishwa, na akanikataza kuzipaka rangi, maana zikipakwa hazifanyi kazi.

Siku ya kuwasha alitumbukiza mguu kwenye pipa la maji baridi, yasiyo ya chumvi. Mchanganyiko, nusu lita ya oili kwa petroli lita 25. Ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikanguruma na moshi mtaa mzima. Sisi tunashangilia, yeye anatazama tu tundu la kutolea maji, aone kama pampu inayapandisha. Yalipochuruzika ndipo akasema, "Inakojoa," akakaa chini.

Sasa nyota iliyopungua. Simu hapokei, na akisema "kesho" muulize kesho ya lini. Risiti haandiki. Spea unanunua mwenyewe, kwa hiyo Kariakoo nilizunguka sana, na duka moja likaniuzia impela feki. Fundi aliigeuza mara moja tu akanirudishia mkononi, mfereji wa kufuli, unaoishikisha kwenye shafti, ulikuwa umelegea. Duka lilibadilisha baada ya mabishano. Ufundi wake alichukua laki mbili na nusu, mpaka ndani ya pipa. Majaribio ya baharini analipisha kando, na hilo alisema mapema.

Faiba na mbao za tezi, kule nyuma inakofungwa mashine, hafanyi. Aligongagonga kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza, akasema pembe moja imelowa, tafuta fundi wa faiba. Nilipenda kwamba hakujidai anajua. Kama boti yako ni ya abiria, ukaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini) na jaketi okozi utahangaika navyo mwenyewe.

Kaka ameshafuta tangazo. Ukienda, nenda maji yamekupwa. Yakijaa, wavuvi wanamchukua na humpati mpaka jioni.