Kioo cha Darubini: Tufe au Parabola?

Ukichonga mwenyewe kioo cha darubini chenye kipenyo cha milimita 150, mapema utalazimika kuamua: ukiache na mbonyeo wa tufe, au ukiendeleze hadi parabola, yaani mbonyeo ambao mpindo wake hulegea kidogo kuelekea ukingoni?

Tufe hujitengeneza karibu lenyewe, kwa kuwa vioo viwili vikisuguana huelekea umbo hilo. Kulikagua nako ni raha: katika kipimo alichobuni mwanafizikia Mfaransa Foucault mwaka 1858, wembe ukikata mwanga unaorudi kutoka kiooni penye kitovu cha mpindo (kitovu cha tufe ambalo kioo ni kipande chake), kioo chote hufifia kwa pamoja, kijivu kitupu. Kikiwa na fokasi (umbali kutoka kiooni hadi miale ya nyota inapokutana) ya milimita 1200, yaani mara nane ya kipenyo (f/8), Zohali itaonekana vizuri, ingawa hapo ndipo mpakani.

Punguza fokasi hadi 750 na tufe halifai tena: kasoro ya miale kutokutana mahali pamoja hukua kama mara nne, nyota hazionekani kali. Parabola hukusanya miale yote mahali pamoja. Tofauti yake na tufe ni takriban mikroni moja tu (sehemu ya elfu ya milimita) ukingoni, lakini haipatikani bila subira: kung'arisha kidogo kwa lami, kungoja kioo kipoe, kupima, kurudia.

Mimi ningechagua parabola hata kwenye f/8. Tufe la hapo halikuachii nafasi yoyote ya makosa ya mkono.